Kuumwa Ukiwa Mhudumu wa Afya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Maswali haya yameokotwa wodini, kwenye makundi ya WhatsApp ya zamu na kwenye benchi la nje ya ofisi ya katibu wa afya. Wanaouliza ni wauguzi, matabibu, watu wa maabara, wa duka la dawa na wa usafi, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza, Pangani, Mkinga na Korogwe. Majibu ni ya Tanzania Bara; Zanzibar wana sheria zao. Anayejibu ni muuguzi ambaye kila mwezi hupanga ratiba ya zamu, kwa hiyo mtamsikia akimtetea anayeumwa na papo hapo akililia pengo lililobaki.

Nimeamka naumwa. Nimwambie nani, na mapema kiasi gani?

Mpigie simu inchaji, yaani msimamizi, wa wodi yako, au yule aliye zamu muda huo. Ujumbe kwenye kundi peke yake hautoshi. Kundi lina watu arobaini na kila mmoja anadhani mwenzake ameshaona. Piga mara tu unapojua kwamba hutaweza, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kuna mtu wa usiku anayesubiri kupokewa. Yeye hawezi kuondoka akaacha wagonjwa bila kuwakabidhi, na kila dakika unayositasita wewe, yeye anaisimamia kwa miguu yake.

Ukishapiga simu, andika pia ili kumbukumbu ibaki. Mfano unaofaa ni huu (OPD ni idara ya wagonjwa wa nje):

"Shikamoo matroni. Usiku kucha nimetapika na nina homa, zamu ya leo mchana sitaiweza. Nakwenda OPD kupima, nitakujulisha kabla ya saa nne. Yule mama wa kitanda cha 6 anatakiwa kurudia kipimo cha damu leo, fomu iko ndani ya faili lake."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda mimi. Maelezo marefu ya jinsi ulivyoumwa tangu juzi hayamsaidii mtu anayetafuta wa kukushikia zamu. Anachotaka kujua ni mambo matatu: huji, utarudi lini kwa makisio, na umeacha kitu gani nusu.

ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, ni lazima hata kwa siku moja?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inasema mwajiri halazimiki kukulipa likizo ya ugonjwa kama hukuleta cheti cha daktari. Haijaweka msamaha wa siku moja. Sehemu nyingi inchaji hukusamehe siku ya kwanza kwa utu tu, na utu wa mtu hauna muhuri. Chukua ED.

Cheti kinachotambuliwa ni cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri hatakiwi kumkataa bila sababu ya maana. Kwenye zahanati isiyo na daktari, ED ya tabibu ndiyo inayotumika. Kama mwajiri wako ana mashaka na hilo, muulize mapema ukiwa mzima.

Kuna jambo moja linalotuaibisha sisi wenyewe: ED za kuandikiana koridoni. Unakutana na dokta mlangoni, unamwambia "kaka, niandikie siku tatu", anaandika akiwa amesimama, hakuna faili, hakuna kipimo, hakuna kumbukumbu popote. Siku mambo yakiharibika, karatasi ile haina mgongo. Aliyeandika ataulizwa alimwona mgonjwa lini, nawe utaulizwa namba ya faili. Fungua faili kama mgonjwa mwingine yeyote, hata kama foleni ya OPD inakuudhi. Inawaudhi wagonjwa wetu kila siku.

Nina haki ya siku ngapi?

Siku 126 katika mzunguko wa likizo. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mzunguko wa likizo ya ugonjwa ni miezi 36 ya kazi mfululizo. Ule wa miezi 12 ni wa likizo ya mwaka. Kwa hiyo siku hizo 126 ni za miaka mitatu, na aliyezimaliza mwaka wa kwanza hapewi nyingine Januari ikiingia.

Ambaye hajatimiza miezi sita kazini, kwa kawaida, hajaingia bado kwenye haki ya likizo ya malipo chini ya sheria hii. Na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha uchukue likizo ya mwaka badala ya ile ya ugonjwa. Ukiambiwa "tutakata kwenye likizo yako", omba waandike kwa barua. Mara nyingi barua haiandikwi na suala linaisha hapohapo.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Sheria hii inanihusu?

Inakuhusu, pamoja na Sheria ya Utumishi wa Umma na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, ambazo zina utaratibu wake wa likizo ya ugonjwa. Afisa utumishi wa halmashauri anazo. Nenda ukazisome mwenyewe, usisimuliwe.

Nina mafua tu. Si niende, nivae barakoa?

Inategemea una nini hasa na unafanya kazi wapi. Mafua mepesi bila homa, barakoa na kunawa mikono vinatosha kwa aliye ofisi ya takwimu. Kwa aliye wodi ya watoto njiti, hapana.

Ukiwa na homa na kikohozi, kaa nyumbani mpaka homa iwe imekatika kwa saa 24 bila msaada wa paracetamol. Hilo la "bila msaada" tunalichezea sana. Mtu anameza vidonge viwili saa kumi na mbili asubuhi, joto linashuka, anakuja kazini, saa sita mchana anatetemeka akiwa ameshika kijiko cha dawa ya mtoto wa watu.

Kuhara na kutapika: rudi baada ya saa 48 tangu choo cha mwisho cha kuhara au tapiko la mwisho. Kipindi cha kipindupindu usijitibu kimyakimya nyumbani, nenda ukapimwe. Tetekuwanga: hadi malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, na kaa mbali kabisa na wajawazito na watoto wachanga. Macho mekundu yanayotoa uchafu, upele wa kuambukiza ambao haujatibiwa, jipu au kidonda chenye usaha mkononi kwa mtu wa thieta au wa kufunga vidonda: vyote hivi vinakuondoa kwa wagonjwa hata kama wewe unajisikia mzima. Malaria na dengue haviambukizi kwa kugusana, lakini hakuna anayeweza kuhesabu matone ya dripu akiwa na nyuzi joto 39.

Kifua kikuu kina jibu lake peke yake. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito: peleka makohozi. Sisi tunawaambia wagonjwa hivyo kutwa nzima, kisha wenyewe tunalaumu vumbi la barabarani na feni ya wodini. Anayeanza dawa na dawa zikamkubali, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi haambukizi tena, ila kurudi kazini aamue daktari. Matibabu yenyewe ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6, na sehemu kubwa ya muda huo unaweza kuwa kazini.

Nimechomwa na sindano iliyotumika. Nifanye nini sasa hivi?

Acha unachofanya, mwite mwenzako akushikie mgonjwa. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usibinye, usinyonye, usimwagie jiki. Kama ni damu iliyorukia jichoni, suuza kwa maji mengi safi.

Kisha toa taarifa palepale, usisubiri zamu iishe. Dawa za kukinga VVU baada ya kuchomwa, PEP, zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo. Ndani ya saa mbili za mwanzo ni bora zaidi, na zikipita saa 72 hazianzishwi tena. Unameza kwa siku 28. Unapimwa siku hiyohiyo, kisha tena baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3. Kile kipimo cha siku ya kwanza watu hukikwepa kwa hofu, na ndicho kitakachoonyesha hali yako ilikuwaje kabla ya tukio.

Kuhusu hofu yenyewe: kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa bila kinga ni kama 0.3 kwa mia. Homa ya ini C ni kama 1.8 kwa mia. Homa ya ini B, kwa mtu asiyechanjwa, unaweza kufika 30 kwa mia. Sisi tunalala macho kwa ajili ya kirusi cha kwanza na kukisahau cha tatu. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu tulio kazini leo hatukuipata utotoni. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Kama una dozi moja tu kwenye kadi na hukurudi, nenda wiki hii ukaendelee na zilizobaki.

Dawa za PEP huwasumbua baadhi ya watu kwa kichefuchefu na uchovu. Ukishindwa kusimama, hiyo ni sababu halali ya ED, na karatasi haihitaji kumweleza kila mpita njia kwamba unatumia PEP.

Wenzetu wa usafi wanachomwa kuliko wengi wanavyojua, kwa sababu ya sindano zilizotupwa kwenye mfuko wa taka za kawaida au boksi la usalama lililojazwa mpaka mdomoni. Boksi lifungwe likifika robo tatu. Anayelishindilia kwa mkono ili liingie sindano moja zaidi anampelekea mama wa watu kiganjani.

Nimeambukizwa au kuumia kazini. Gharama ni za nani?

Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri, na haruhusiwi kukukata wewe mshahara kwa ajili hiyo. Mfuko unagharamia matibabu ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na ukishindwa kufanya kazi kwa muda hulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, kuna fidia yake.

Yote hayo yanaanzia kwenye karatasi. Tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio cha idara: saa, mahali, ulikuwa unafanya nini, nani alishuhudia. Mwajiri ajulishwe kwa maandishi, naye aujulishe mfuko. Dai linalokaa zaidi ya miezi 12 bila kuwasilishwa linapoteza haki yake. Ugonjwa ni mgumu kuthibitisha kuliko ajali. Kidole kilichochanika kinaonekana, ila kifua kikuu kitaulizwa: umekipata wodini au kwenye daladala ya Pongwe? Ndiyo maana kumbukumbu za vipimo vya afya vya kuanzia kazi, ambavyo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavidai na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inavisimamia, zina thamani. Zinaonyesha ulipoingia kazini kifua chako kilikuwaje.

Mgongo unaniua. Huo nao ni ugonjwa wa kuombea ED?

Ndiyo, na duniani kote maumivu ya mgongo ni kati ya sababu kubwa za wauguzi kukosa kazi. Angalia tunavyomhamisha mgonjwa kutoka kwenye machela: mmoja kichwani, mmoja miguuni, kitanda hakipandi wala kushuka, ndugu wa mgonjwa anashika shuka upande mmoja na kuhesabu "moja, mbili" huku wewe umeshavuta kwenye moja. Watu wanne, shuka imara iliyokunjwa kingo, magoti yamepinda, na mmoja tu ndiye anayehesabu. Hilo halihitaji bajeti.

Mgongo wa kawaida hauponi kwa kulala wiki nzima. Tembea kidogo, tumia dawa ulizoandikiwa, rudi kwenye kazi nyepesi mapema. Hapo inchaji ana sehemu yake. Kama umeandikiwa kazi nyepesi, usipangwe wodi ya mifupa kwa kuwa "leo tuko wachache". Miguu ikianza kufa ganzi au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, hiyo ni dharura.

Niko zahanati ya kijijini peke yangu. Nikiumwa, mlango ufungwe?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na wanaoliuliza wako Mkinga, Pangani ng'ambo ya mto, Kilindi, na milimani Lushoto ambako mvua ikinyesha hata bodaboda hapandi. Mjini, wodi yenye wauguzi sita ikipungukiwa mmoja, watano wanagawana mzigo na kununa. Zahanati yenye muuguzi mkunga mmoja ikimkosa, kliniki ya wajawazito haipo siku hiyo, chanjo hazipo, na mama mwenye uchungu anapandishwa pikipiki usiku.

Kwa hiyo watu wanafanya nini? Wanafanya kazi wakiwa na kanula mkononi. Yupo aliyenisimulia jinsi alivyojitundikia kwinini, akafunga plasta juu ya kanula, akavaa glavu, akazalisha. Watu humsifu mtu wa namna hiyo. Mimi napenda kuuliza kwanza ratiba ya wilaya ilikuwa wapi.

Yanayowezekana ni haya. Mpango wa nani atakushikia uwepo kabla hujaumwa, kwa maandishi, kati yako na Mganga Mkuu wa Wilaya: zahanati jirani ipi, mtu gani, anafikaje, nauli inatoka fungu gani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kijiji wajue namba ya gari la wagonjwa na kituo cha afya cha karibu kilicho wazi usiku. Wajawazito waliokaribia wawe kwenye daftari, ili siku ukilala kitandani mtu mwingine ajue ni akina nani wa kuulizia. Siku ya chanjo ikiahirishwa, tangazo litolewe msikitini, kanisani na kwenye kipaza sauti cha kijiji, mama asitembee saa mbili na mtoto mgongoni akakute kufuli.

Na ndiyo, mlango ufungwe kama umezidiwa. Mkunga mwenye homa kali na mikono inayotetemeka ni hatari kwa mama kuliko safari ya pikipiki. Piga simu wilayani kwanza, andika ujumbe, bandika karatasi mlangoni yenye namba ya kituo cha kwenda.

Kwani nikijitibu mwenyewe nakosea nini? Dawa nazijua.

Unazijua za wagonjwa wako. Ukijitibu mwenyewe unakuwa mgonjwa na daktari kwa wakati mmoja, na mgonjwa ndiye hushinda kwa sababu ana haraka ya kurudi kazini.

Mfano wa karibu: mwaka 2019 dengue ilipolipuka Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, homa, maumivu ya viungo na kichwa vilikuwa kila nyumba. Mhudumu aliyezoea kuchomwa diclofenac na mwenzake kila viungo vinapouma anajiweka pabaya, maana dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, huongeza hatari ya kutoka damu kwenye dengue. Paracetamol na maji mengi ndiyo njia. Vilevile kipimo cha haraka cha malaria kikisoma hasi, hakisemi kwamba huumwi. Kimesema tu hakijaona malaria.

Antibiotiki za kuchovya kwenye droo ya wodi, vidonge viwili leo na kimoja keshokutwa, hizo tusizizungumzie. Mnajijua.

Zamu za usiku zinanimaliza. Naweza kuondolewa?

Ukiwa na cheti cha daktari kwamba hufai kufanya kazi ya usiku, mwajiri haruhusiwi kukupanga usiku, na anatakiwa kukuhamishia mchana isipokuwa kama haiwezekani kabisa. Kisheria usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na una nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa saa. Mjamzito hapangwi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na mapema zaidi akiwa na cheti. Aliyejifungua naye hapangwi miezi miwili baada yake. Inchaji anayesema "sisi zamani tulizaa na usiku tukafanya" anasema kweli kuhusu zamani.

Siumwi mwili, nimechoka roho. Nalia nikielekea kazini.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliutaja uchovu wa kazi uliopitiliza kuwa ni hali inayotokana na kazi, halikuuweka kwenye orodha ya magonjwa. Kwa hiyo daktari hawezi kuandika "amechoka na kazi" akaishia hapo. Lakini sonona, wasiwasi uliozidi na kukosa usingizi kwa wiki nyingi ni magonjwa, yana tiba na yana ED kama mengine. Nenda kliniki ya afya ya akili. Kama unaona haya kutibiwa hapo unapofanyia kazi, na aibu hiyo naielewa kwa mji huu ambao habari inatoka Chumbageni ikafika Duga kabla ya adhuhuri, nenda hospitali nyingine.

Baada ya kifo cha mama leba au cha mtoto mikononi mwako, usiambiwe "pole" halafu ukapewa mgonjwa anayefuata. Omba mtu akushikie hata saa moja. Inchaji, usisubiri aombe. Na ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii, mtu aliye karibu nawe, aende nawe hospitali.

Kuna mwenzetu anaumwa kila Jumatatu. Tumfanyeje?

Kwanza msimjadili kwenye kundi. Inchaji amwite faraghani, amwonyeshe tarehe, amuulize kuna nini. Nimeona majibu ya kila aina: pombe ya Jumapili, ndiyo, lakini pia mume anayepiga mwishoni mwa wiki, kliniki ya mtoto mwenye selimundu ambayo iko siku hiyo, na dawa za VVU ambazo mtu hakutaka aonekane akizifuata.

Hili la mwisho lina sheria yake. Kumlazimisha mfanyakazi apime VVU ni kosa, kutangaza hali yake ni kosa, na kumbagua kazini kwa ajili hiyo kumekatazwa na Sheria ya Ajira pamoja na ile ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008. Hospitalini siri ya mfanyakazi inavuja kirahisi kwa kuwa faili lake linabebwa na marafiki zake.

Mimi ndiye inchaji. Pengo nalizibaje?

Ratiba yako ilikuwa na nafasi ya mtu kuumwa? Nyingi hazina. Tunapanga kana kwamba watu wote watakuwa wazima siku zote 30, halafu tunashangaa. Weka kila wiki jina la mtu wa akiba ambaye anajua kabisa kuwa ni wa akiba, na siku asipoitwa asidaiwe fadhila. Ukimkuta mtu wa ofu amelala kwake Makorora ukamwita, mrudishie ofu yake ndani ya mwezi uleule.

Mipaka ya sheria: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, kwa malipo ya mara moja na nusu, na kati ya zamu na zamu mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Aliyetoka usiku asubuhi hii asirudishwe mchana wa leo kwa sababu Zuhura anaumwa. Kesho utakuwa na wagonjwa wawili kwenye ratiba.

Mtoto wangu ndiye anayeumwa.

Hiyo haiingii kwenye likizo yako ya ugonjwa. Sheria inatoa angalau siku 4 za malipo kwa kuugua au kufariki kwa mtoto, au kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mama mkwe, kwa bahati mbaya, hayumo. Hapo ni maelewano na inchaji.

Ramadhani nimefunga, niko usiku, na naumwa.

Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, hilo unalijua kuliko mimi. La kitaalamu ni kwamba dawa nyingi za mara moja kwa siku, zikiwemo PEP zinazotumika sasa, zinaweza kuhamishiwa futari au daku bila kuvunja ratiba. Za mara tatu kwa siku haziwezi. Mwenye kisukari anayetumia insulini aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Wanaweza kunifukuza kwa kuumwa sana?

Siyo hivihivi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri aangalie chanzo cha ugonjwa, kama utapona au la, na kama kuna kazi nyingine au marekebisho yatakayokuwezesha kuendelea. Usikilizwe, na mwakilishi wako awepo, mfano kiongozi wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Ugonjwa uliotokana na kazi unataka uangalifu zaidi wa mwajiri.

Kinachowaondoa watu haraka ni utoro. Kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kunatosha kuachishwa, na mgonjwa wa kweli aliyekaa kimya kijijini kwao bila simu wala ED anaonekana mtoro kwenye mahudhurio. Ukiachishwa isivyo halali sekta binafsi, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mtumishi wa umma anaanzia ngazi za rufaa za utumishi wa umma kwanza.

Najitolea tu, sina mkataba. Haya yote yananihusu?

Huenda yanakuhusu kuliko unavyoambiwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kama, kwa mfano, anapangiwa saa na namna ya kufanya kazi, au amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina lako likiwa kwenye ratiba ya zamu ukutani kila mwezi, piga picha. Weka na meseji za kuitwa zamu na karatasi za posho.

Ukichomwa sindano, PEP unapewa kama mtu mwingine yeyote. Asikuambie mtu ukaulize kwanza ofisini.